SOMO LA UFUNDI: MLANGO MZITO WA SAKAFUNI NA MOTA YAKE



Somo la safari hii ni la nyumbani, lakini atakayelifuata mpaka mwisho ataona kwamba linamhusu hata awapo kazini. Tunataka kuzungumza juu ya mlango wa sakafuni, yaani ule mlango unaolala chini kama sehemu ya sakafu. Kila mtu anaukanyaga, na chini yake pana birika la maji ya mvua, au ghala, au ngazi ya kushukia. Kwa Kireno huitwa alçapão, na ndilo jina la kutumia ukienda kununua bawaba zake Pemba.

Katika pwani yetu, toka Ibo na visiwa vya Kirimba, kupita Mocímboa da Praia, hadi Palma na Kionga, visima vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo mwenye paa la bati hukinga mvua za Desemba hadi Aprili, na mwenye uwezo kidogo huchimba birika chini ya baraza, akalikandika kwa saruji na kulifunika kwa mlango wa mbao. Mbao zetu ni nzuri mno, na hapo ndipo taabu inapoanza. Mbambakofi, ambayo Wareno huiita chanfuta, haiozi upesi wala mchwa hawaipendi, lakini mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 800 hivi. Mlango wenye urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 5 una kilo 48 za mbao tupu. Ongeza mataruma ya chini, bawaba na pete ya kunyanyulia, unafika kilo 60.

Na mlango huo hufunguliwa na nani? Si sisi tulioondoka alfajiri kwenda shambani au kiwandani. Hufunguliwa na mama, au na bibi, au na watoto wawili wanaosaidiana, mmoja akivuta na mwingine akichomeka gongo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 128, ambalo linataja kilo 55 kuwa upeo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, na likasema wanawake wabebe mizigo myepesi zaidi kwa kiasi kikubwa. Ni kweli kwamba anayenyanyua mlango kwa ukingo hubeba nusu tu ya uzito, kwa sababu nusu nyingine imebebwa na bawaba. Hata hivyo ni kilo 30, naye ameinama juu ya shimo.

Basi wenzetu wengi hufikiri juu ya mota, na fikira hiyo ni njema. Lakini fundi wa haraka atakuambia: mlango mzito, nunua mota kubwa. Sisi tunasema kinyume chake. Kwanza uondoe uzito, ndipo utie mota. Mota kubwa iliyofungwa kwenye mlango mzito haijui tofauti kati ya mlango na mkono wa mtoto.

Tuanze na hesabu, maana watu hudhani kazi hii inataka umeme mwingi. Mlango unapofunguka toka kulala hadi kusimama, kitovu cha uzito wake, kilicho katikati, hupanda sentimita 60. Kilo 60 kupanda sentimita 60 katika sekunde 20 ni kazi ya wati 18 hivi, pungufu ya taa moja ya zamani ya kioo. Hata tukipoteza theluthi mbili ya nguvu katika msuguano wa gia na kamba, hatupiti wati 60. Betri ya gari hutoa hizo bila kuhisi. Kwa hiyo umeme si tatizo. Tatizo ni mvuto ambao kamba inapaswa kuustahimili, na kitakachotokea siku kamba hiyo itakapokatika.

Mabaharia wetu wamelijua jambo hili siku nyingi. Hakuna nahodha anayepandisha foromali kwa mikono mitupu. Kuna henza, kuna makapi, na kuna watu wanaojua wapi pa kusimama. Nasi tutatumia kapi.

Funga kapi moja wima juu ya bawaba, kimo cha mita 2.4 kutoka sakafuni. Kamba itoke kwenye ukingo wa mlango ulio mbali na bawaba, ipande hadi kwenye kapi hilo, ipite kapi la pili lililo ukutani, halafu ishuke chini ikiwa na mizigo ya kusawazisha. Sasa pima. Chukua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia kopra, uvute ukingo wa mlango hadi uachane na sakafu. Mizani ikisoma kilo 30, hiyo ndiyo nusu ya uzito. Kisha pima urefu wa kamba toka ukingoni hadi kwenye kapi la kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Katika mfano wetu ni mita 2.68. Kanuni ni hii: zidisha nusu ya uzito kwa urefu wa kamba hiyo, halafu gawanya kwa kimo cha kapi. Kilo 30 mara 2.68, gawanya kwa 2.4, unapata kilo 33 na nusu. Huo ndio mvuto unaotosha kuusawazisha mlango ukiwa umelala.

Lakini tazama kanuni ile tena. Mlango unapopanda, kamba toka ukingoni hadi kwenye kapi inafupika, na mvuto unaohitajika unapungua pamoja nayo. Mlango ukikaribia kusimama, kamba imebaki mita 1.24 na mvuto unaohitajika ni kilo 15 na nusu tu. Maana yake, ukitundika jiwe moja la kilo 33, litausawazisha mlango ukiwa chini, lakini ukifika nusu ya njia jiwe litaushinda mlango na kuurusha juu kwa kishindo. Mara nyingi bawaba hung'oka hivyo, na watu hulaumu bawaba.

Dawa yake ni ya zamani. Waliojenga madaraja ya kunyanyua kwenye ngome za Ulaya walitumia minyororo mizito ambayo, kadiri daraja lilivyopanda, pingili zake zililala chini moja baada ya nyingine, na uzito ukapungua wenyewe. Sisi hatuna haja ya mnyororo. Tutatumia mifuko ya mchanga.

Shona mifuko mitatu ya turubai, kila mmoja utie kilo 6 za mchanga mkavu. Juu yake uwe na mzigo mkuu wa kilo 10, chuma au mchanga, upendavyo. Vyote vifungwe kwenye kamba moja, mzigo mkuu juu, mifuko chini yake, nafasi ya nusu mita kati ya kimoja na kingine. Mlango ukiwa umefungwa, mfuko wa chini kabisa uning'inie sentimita 25 juu ya sakafu. Jumla ni kilo 28. Mlango ukianza kupanda, mfuko wa kwanza unagusa sakafu na kuacha kuvuta, halafu wa pili, halafu wa tatu. Mwisho wa safari mzigo mkuu peke yake ndio unaoning'inia. Fanya hesabu kila hatua utaona kwamba mlango unabaki mzito kuliko mizigo kwa kilo 2 ikipungua sana, na kilo 8 na nusu ikizidi sana. Tumeacha tofauti hiyo makusudi. Mlango uliosawazishwa kabisa hukaa popote, na upepo wa kusi ukivuma utaufungua au kuufunga wenyewe.

Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Kabla ya mifuko, ukingo wa mlango ungeangukia vidole kwa kilo 30 za uzito mtupu, mbali na kasi ya kuanguka. Sasa unakandamiza kwa kilo 5 hivi. Kidole kitauma, lakini kitabaki. Na bibi anaweza kuufungua kwa mkono mmoja hata kama mota haijanunuliwa. Tunajua baadhi ya wasomaji wataishia hapa, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Kabla ya kuendelea, neno juu ya paa. Kapi la kwanza linavutwa na kamba pande zote mbili, kwa hiyo kitu kinachoshikilia makapi hubeba zaidi ya kilo 60. Usilifunge kwenye boriti ya paa. Boriti za mikoko ni imara zikiwa mpya, lakini tuliona Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga Ibo na pwani ya jirani, jinsi mapaa yalivyoondoka kwenye kuta nene za mawe na chokaa. Simamisha nguzo mbili na mtambaa-panya wako mwenyewe juu yake. Mizigo nayo uifungie ndani ya sanduku refu la mbao, mtoto asiweze kuingia chini yake. Kamba iwe ya nailoni nzuri au ya chuma kisichoshika kutu. Waya wa chuma wa kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi, huoza ndani huku nje unang'aa.

Sasa mota. Kwa mvuto wa kilo 8 na nusu, mota ya kupangusia kioo cha gari inatosha. Hupatikana kwenye magari mabovu, na ukiagiza mjini uliza motor de limpa-vidros ya volti 12. Uzuri wake ni kwamba ina gia ya parafujo ndani, inayopunguza mzunguko na kuongeza nguvu, na ni vigumu kuirudisha nyuma kwa kuivuta. Ifungie rola ndogo yenye kipenyo cha sentimita 4. Mota ikizunguka mara 40 kwa dakika, itakunja mita 1.45 za kamba katika sekunde 17. Usitafute kasi kubwa kuliko hiyo. Mtu aliye chini anahitaji muda wa kupiga kelele.

Kamba ya mota iwe nyingine, si ile ya mizigo, na ipite kwenye makapi yake kando. Sababu ni mbili. Moja ikikatika, nyingine ipo. Ya pili ni kwamba kamba huvuta tu, haisukumi. Mota inapoufungua mlango, inavuta. Inapoufunga, inalegeza kamba na mlango unashuka kwa kile kizito kidogo tulichouachia. Ukikuta mguu njiani, mlango unasimama na kamba inalegea. Mota haiwezi kuukandamiza mguu. Kuna mota nyingine za fimbo ya kusukuma, zinazouzwa kwa ajili ya mageti. Hizo husukuma kwa nguvu ileile ya kuvutia, na kwa mlango ulio juu ya shimo la watu hatuzipendekezi. Mashoki ya gesi ya mlango wa nyuma wa gari nayo husaidia kunyanyua, lakini gesi yake hupungua mwaka hadi mwaka kimya kimya, na siku moja mlango unashuka ghafla.

Kwa umeme, hata penye waya wa EDM, tumia betri ya volti 12, ichajiwe kwa paneli ndogo ya jua. Volti 220 karibu na birika la maji si jambo la kuchezea, na umeme ukikatika usiku mlango bado utafunguka. Betri ndogo ya ampea-saa 7 itafungua mlango mara zaidi ya 100 kabla ya kufika nusu. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba. Fundi atakayekupa mwembamba wa milimita 1 anakupunguzia bei na volti pia: kwa ampea 5 na umbali wa mita 10 utapoteza karibu volti 1.7 kati ya 12. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri, si karibu na mota. Mota ikikwama hunywa ampea nyingi sana, na ni fyuzi itakayoizuia isishike moto. Tena angalia jambo moja ambalo mafundi wengi wa redio hulisahau: katika mota nyingi za kupangusia kioo, bodi ya chuma yenyewe ndiyo upande wa hasi. Ukitaka izunguke pande zote mbili, bodi hiyo lazima itengwe kwa mpira au mbao, isiguse chuma kingine.

Swichi iwe ya pini 6, ya kubadili mwelekeo, na iwe ya namna inayorudi katikati yenyewe ukiiachia. Anayeushusha mlango lazima abonyeze muda wote; akiondoa kidole, mlango unasimama. Swichi ikae mahali ambapo mtu anaona shimo lote. Siku hizi vijana hutaka mlango ufunguke kwa simu, wakiwa kitandani au Nampula. Tunawaambia hapana, na hatutalijadili zaidi. Weka pia swichi mbili ndogo za kikomo, moja inakata umeme mlango ukilala, nyingine ukifika juu. Juu isiwe wima kabisa. Mlango uliosimama wima unaweza kuangukia upande wa pili. Acha uegemee kidogo upande wa shimo, na mnyororo mfupi uuzuie usipite hapo.

Na sasa jambo tulilokuwa tukilifikia. Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa la kunyanyua mizigo mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa halikuanguka, kwa sababu lilikuwa na meno ya kujishika lenyewe pembeni. Tangu hapo lifti zikaaminika, hata kufika kwetu pwani katika Jumba la Maajabu, Unguja. Lifti huwa na mzigo wa kusawazisha kama mifuko yetu, lakini kinachomlinda mtu ndani yake ni kile kishikizo ambacho hakitegemei mota wala kamba. Mlango wako nao uwe na kishikizo chake: pini nene ya chuma inayopita kwenye nguzo na kuingia chini ya mlango uliofunguka. Hakuna anayeshuka, hata kuchota ndoo moja, kabla pini haijaingia. Gia ya parafujo si kishikizo. Mkono wa mume wako au wa kaka yako si kishikizo. Uzio wa kimo cha mita 1 uzunguke shimo pande tatu, maana mlango unaofunguka kwa urahisi utafunguliwa mara nyingi zaidi, na watoto watakuwa karibu.

Wenzetu wanaorudi makwao wana hatari nyingine. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanzia Mocímboa da Praia, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, nyumba nyingi zilifungwa au kuachwa kwa miaka. Birika lililofungwa muda mrefu, lenye majani yaliyooza na vyuma vilivyoshika kutu, linaweza kuwa halina hewa ya kumtosha mtu. Anayeshuka huanguka bila kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Fungua mlango, tia pini, uache wazi siku nzima au zaidi. Teka maji kwa ndoo na kamba ukiwa juu. Wazee hushusha taa: ikizimika, ni kweli hapafai, lakini ikiwaka usiseme pako salama, kwa kuwa zipo hewa mbaya zisizozima taa. Ikibidi mtu ashuke, afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu wawili wenye nguvu za kumvuta bila wao kuingia.

Kazini pia kuna milango ya namna hii: ya mashimo ya mashine za kusaga katani, ya maghala ya kopra, ya mifereji ya viwanda. Tumezoea kuambiwa kwamba mlango ni mzito kwa sababu ni imara, na kwamba watu wanne wakinyanyua pamoja hakuna taabu. Hesabu mliyoisoma hapa ni ya bei ya mifuko mitatu ya turubai na pini moja. Kamati ya chama inapokagua sehemu za kazi, ichukue mizani ya kuning'iniza, ipime ukingo wa kila mlango, na kuandika kilo zake mbele ya msimamizi. Mahali penye mota, wauliza: swichi iko wapi, aliyeishika anaona chini? Pini iko wapi? Na mtu akiwa ndani, nani ana ufunguo wa kuzima umeme: yeye, au aliye ofisini?

Kwa vikundi vya masomo, jaribuni hesabu hii kabla ya somo lijalo. Mlango una urefu wa mita 1, na mizani ukingoni inasoma kilo 20. Nguzo mliyonayo inaruhusu kapi kukaa mita 2 tu juu ya bawaba, na kamba kutoka ukingoni hadi kwenye kapi ni mita 2.24. Tafuteni mvuto wa kwanza, halafu mvuto wa mwisho kamba ikibaki mita 1. Kisha amueni mtatumia mifuko mingapi, ya kilo ngapi kila mmoja, mlango ubaki mzito kidogo kila hatua. Mwenye mchanga na kamba na ajaribu kwa ubao mwepesi uani, kabla hajagusa mlango wenyewe.